Alhamisi za Kumsuka Kidawa

Nyumba ya marehemu Mzee Pazi,
Kilwa Kivinje.
Jumatatu, 22 Juni 1936
(mwezi 2, Mfunguo Saba)

Mpendwa mdogo wangu Kazija,

Marahaba. Nakuitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua barua hii ikikufikia utaishika kwanza mkononi, useme shikamoo dada kama mtu aliyesimama mbele yako, ndipo uifungue. Ndivyo ulivyo tangu utoto, ulikuwa ukisalimu hata mlango uliofungwa. Salamu zangu zikukute salama hapo Mitwero, Lindi, wewe na kichanga chako na shemeji yangu Likwata. Mtoto ameanza kukaa? Na kifua cha shemeji, kile cha vumbi la mkonge, kimetulia au bado kinambana? Mwambie asikidharau. Ale asali na tangawizi, na asilale na shati lililolowa jasho.

Ukiniuliza mimi, ni mzima wa kuonekana. Nakula, naswali, nagombana na majirani. Ila vidole vyangu, Kazija, vimenitupa. Baridi yabisi iliyokuwa ikimtesa mama imehamia kwangu, na kipupwe cha mwaka huu hakina huruma. Asubuhi naamka nimekunja ngumi na sina wa kumpiga. Ndiyo maana unaona herufi zangu zimelalaliana kama watu waliochoka safari. Nimeandika kwa hati yetu ya Kiarabu ya chuoni, kalamu nimeishika kwa kiganja kizima, ili uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Yaliyomo humu ni yako na yangu.

Mji wetu upo, lakini unapungua. Masika yameangusha ukuta wa uani kwa Bi Mwahija, jirani yetu, na hakuna wa kuusimamisha, wanawe wote wako Dar es Salaam. Kila lori linaloondoka hapa huchukua watu wengi kuliko liliowaleta. Ukipita ile njia ya nyuma ya msikiti alasiri, utasikia mchi wa nyumba moja tu unatwanga, na zamani hukuweza kusikia hata maneno yako mwenyewe. Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia kwa kuwa ndivyo kulivyo, na mimi sikujaliwa kupaka maneno asali.

Kaburi la mama nimelipalilia wiki iliyopita. Fatiha nimemsomea, na kwa niaba yako pia.

Sasa nije kwenye jambo lako. Katika barua yako umeniuliza swali moja mara tatu, mwanzo, katikati, na tena pembeni ya karatasi ulikobanana: Alhamisi bado unamsuka Kidawa? Nitakujibu. Ila kwanza kaa chini, umpe mtoto ziwa, usome pole pole. Ukitaka kukasirika, subiri ufike mwisho, kisha ukasirike kwa pamoja.

Jibu ni hapana. Simsuki tena. Anasukwa na Muzna, mke wa baba yake, na aliyemfundisha Muzna ni mimi.

Najua. Vuta pumzi, tuendelee.

Sijasahau tulivyoipata ile Alhamisi. Ulipoolewa na Likwata, Awadhi, mumeo wa kwanza, alikwenda kwa kadhi kumdai Kidawa, binti yake, na kadhi akampa, kwani sheria ndivyo isemavyo, mama akiolewa na mtu baki hana tena haki ya kulea. Mama yetu, ambaye angestahili kumchukua badala yako, alikuwa kaburini. Ulilia mpaka ukakosa sauti. Mimi nilisimama pale barazani kwa kadhi nikaomba kitu kimoja tu, kila Alhamisi alasiri mtoto aletwe kwangu asukwe, apate kuingia Ijumaa akiwa nadhifu. Awadhi alikubali upesi, wala si kwa wema. Mwanamume wa Kishihiri, kazi yake kuuza papa mkavu na tende, nyumbani hana mwanamke, angefanya nini na kichwa cha mtoto wa kike? Alikuwa akikitazama kama mtu aliyepewa wavu uliotatizana. Basi kwa ajili ya nywele zile Kidawa akabaki kuwa wetu siku moja katika juma. Tulikubaliana, wewe na mimi, kwamba hiyo siku moja hatutaiachia.

Na asubuhi ile uliyopanda lori kwenda Lindi ulimsuka mwenyewe, msuko wa mama yetu. Mistari inaanza kwenye paji la uso, inapita utosini sambamba, na yote inaishia kisogoni katika kifundo kimoja kidogo, kigumu kama popoo. Hakuna nyumba nyingine Kivinje isukayo vile. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania kanga yako, utingo anapiga kelele watu wapande. Ukamwambia, "Usilie. Nitakaporudi, hata nikukute katikati ya watoto mia, nitakujua kwa kifundo hiki." Ulisema ili anyamaze, na kweli alinyamaza. Lakini mtoto hatofautishi ahadi na maneno ya kumbembeleza.

Tangu siku ile hakukubali msuko mwingine. Wenzake leo wamesuka mabutu, juma lijalo twende kilioni, yeye ni ule ule. Nikijaribu kumbadilishia huniuliza, na mama akija leo je? Nami nafumua, naanza upya. Ni miaka miwili sasa, Kazija, na lori la Lindi likipiga honi sokoni mkono wake huenda kisogoni kutazama kama kifundo kipo. Hujui mara ngapi nimeshika mdomo nisikulaani, na mara ngapi nimekuonea huruma baada ya hapo.

Kisha mwaka jana, baada ya Idi, Awadhi akaleta mke kutoka kwao Shihiri, Uarabuni. Mji mzima ulitoka kutazama, maana si desturi wanawake wao kuletwa huku. Wanaume huja peke yao, huoa kwetu, kama alivyokuoa wewe. Muzna ni msichana tu, nadhani hajakufikia wewe kwa umri, mwembamba, nywele zake za singa zinafika kiunoni. Nilimchukia siku ile ile. Sikuwa na sababu, wala sikuitafuta.

Hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alitaka kumtunza Kidawa kama alivyotunzwa yeye. Kwao nywele huoshwa kwa unga wa majani ya mkunazi mpaka zisibaki na mafuta hata chembe, halafu huchanwa kwa kitana chembamba cha pembe. Kwa nywele za singa ni uzuri mtupu. Kwa nywele za kipilipili za mtoto wetu ilikuwa msiba. Jumamosi alikuwa akifumua kazi yangu, anaziosha, anaziacha zikauke kama makumbi, kisha anazichana kavu kavu kuanzia shinani. Majirani walikisikia kilio. Kitana kikivunjika meno, Awadhi ananunua kingine. Alhamisi nikiletewa mtoto nakuta nywele zimekatika juu ya masikio, ngozi ina vidonda, na nikiinua mkono tu anainamisha kichwa kabla sijamgusa.

Na zile zilizotoka kwenye kitana Muzna alikuwa akizitupa dirishani, kwenye njia ya watu wote. Hakuna aliyemwambia. Kidawa alikuwa akitoka nje kuziokota moja moja mchangani, kwa kuwa sisi tulimfundisha kwamba nywele hazitupwi ovyo asije mwenye nia mbaya akazichukua. Siku moja nilimkuta amechutama nje ya dirisha, ngumi imejaa vumbi na nywele zake mwenyewe, akaniomba tukazifukie. Tukaenda tukafukia.

Kesho yake nilikwenda kwa Awadhi nikagomba pale pale mbele ya wateja. Unanijua nikigomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimpe siku chache atafute dawa. Dawa yake ilikuwa kinyozi. Atamnyoa mtoto upara, zikianza kuota atamnyoa tena, hivyo hivyo mpaka awe mkubwa ajitunze mwenyewe. Alisema kwa upole, bila hasira yoyote. Nikamwuliza, na Alhamisi je? Akasema kichwa kilichonyolewa hakina haja ya Alhamisi.

Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini mpaka jua likanifikia miguuni. Njia zilikuwa mbili na zote zinauma. Nikinyamaza, mtoto ananyolewa, kifundo kinakwenda na Alhamisi inakwenda nacho. Nikimfundisha yule mwanamke, nywele zinapona, lakini huenda Alhamisi ikaondoka vile vile, maana nani atahangaika kumleta mtoto kwa mama mkubwa ikiwa nyumbani yumo mwenye kusuka? Nilikutafuta moyoni nikuulize, sikukupata. Barua ingechukua wiki nzima kwenda na nyingine kurudi, na mvua zilikuwa mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kichwa chenyewe, nikachagua kichwa.

Nikamwita Muzna kwangu. Alikuja amejifunika gubigubi, Awadhi nyuma yake. Nilikuwa nimemtayarishia matusi ya kiungwana, yale ya kuanza na "hivi kwenu." Hakunipa nafasi. Alikaa chini mkekani, si kitini nilikomwonyesha, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Dada, kichwa yake naumwa, moyo yangu naumwa. Wewe onyesha mimi." Basi nikaenda kutoa chanuo.

Nilimfundisha kama mama alivyotufundisha sisi, kwa kumpiga mkono akikosea. Nikamwonyesha kwamba mtoto hakai kwenye kiti kama mgonjwa wa meno. Anakaa chini, katikati ya magoti yako, kichwa kikiegemea paja, ili akichoka alale. Nywele zinyweshwe kwanza maji ya uvuguvugu, kisha mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe. Zigawe mafungu, ufunge mengine, ushughulike na moja. Chukua chanuo la mti, la meno mapana, uanzie nchani, upande pole pole kwenda shinani, na mkono wa pili ubane shina ili uchungu usifike kwenye ngozi. Ukikuta zimeshikana, usivute. Paka mafuta, subiri, rudi tena. Pembeni ya uso usikaze, ndiko zinakokatika kwanza. Zilizotoka zikusanye, zikafukiwe penye mgomba. Alikuwa akirudia kila neno kwa Kiarabu chini ya pumzi, kama mtu anayehifadhi sura.

Awadhi naye nilimtia kazini. Alidhani amekuja kusindikiza, nikampa nazi na mbuzi akune. Mshihiri mzima, kilemba kichwani, amekalia mbuzi uani kwangu anakuna nazi, na Bi Mwahija anachungulia juu ya ule ukuta wake, ungali umesimama siku hizo. Alikuna vibaya, na vipande vya kifuu humo humo, lakini alikuna. Nikamwambia mtoto ni wako, basi na nywele zake ni zako. Juma lililofuata alikuja na nazi zake mwenyewe, na habari za kinyozi sikuzisikia tena.

Shangazi Kadija alipopata habari alituma mtu kutoka Kinjumbi aniambie kwamba nimemwuza mtoto kwa chanuo. Yeye yuko Kinjumbi anakula samaki wake, hakuyaona vidonda.

Ilipofika Ramadhani vidonda vilikuwa vimekauka, na juu ya masikio nywele zimeanza kuota, laini kama za kichanga chako. Muzna alikuwa ameshajua mabutu, amejua na twende kilioni, akijifunzia kwa watoto wa majirani. Mikono yake ilikuwa mizito mwanzoni, kisha ikajua. Nilimfundisha yote niliyo nayo ila moja tu. Msuko wa mama sikumwonyesha. Huo nilikuwekea wewe. Kwa ajili ya ule mmoja mtoto aliendelea kuletwa kwangu Alhamisi, na mimi nikajiona mjanja kweli kweli, nimetoa kila kitu na sijatoa kitu.

Lakini ujanja hautibu vidole. Alhamisi moja katika Mfunguo Tano, mwezi wa kabla ya Maulidi, nilianza alasiri kama kawaida, na magharibi ikaadhiniwa sijamaliza. Nikishika unywele siusikii. Nikikaza, haukazi. Kidawa aliniuliza kama nalia, nikamwambia ni moshi, na jikoni hakukuwa na moto. Nilipofunga kifundo nilijua kwamba ni cha mwisho, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba mkono wa mama mkubwa umekwisha. Aliondoka amekishika kifundo kisogoni, na alipopinda kona ya msikiti bado alikuwa amekishika.

Alikaa nacho hivyo mpaka mistari ikaanza kuota manyoya, hataki mtu akiguse. Yaliyofuata nimeyapata kwake mwenyewe. Maulidi yalipokaribia, Muzna alimkalisha mkekani, kichwa pajani, akafumua. Lakini hakufumua kama tunavyofumua sisi, mkono unakwenda na mdomo unapiga soga. Alikifungua kifundo, akakitazama, akakifunga tena, akakifungua. Akashika mstari mmoja, akaulegeza kidogo, akausuka tena, akaulegeza tena mpaka mbele. Mstari kwa mstari, asubuhi nzima. Wali uliungua. Awadhi alirudi adhuhuri kutoka dukani akakuta hakuna chakula, akala tende akaondoka. Nilimficha msuko wetu, Kazija, naye akajifunza kwa kuufumua. Kidawa anasema alimwuliza kwa nini anafanya vile, akamjibu, "Mama yako nakuja, nataka hii."

Basi alikuwa anajua. Mtoto alimweleza habari ya kifundo, na yeye, mke wa baba, akakaa asubuhi nzima ili wewe ukija umjue mwanao. Nimelifikiri sana jambo hili, na bado sijui nimshukuru au nimwonee wivu.

Maulidi ya wanawake yalisomwa uani kwa Bi Mwahija, pale penye ukuta ulioanguka, tumetundika majamvi kuziba. Uani pamejaa udi na asumini. Muzna akaingia na Kidawa, mtoto kavaa gauni jipya, kichwa kinang'aa mafuta. Mistari ilikuwa safi, imenyooka, imebanwa vizuri kuliko ya kwangu ya siku za mwisho. Lakini yote ilianzia kisogoni. Msuko hufumuliwa kuanzia mwishoni, na Muzna alidhani pale anapoanza mfumuaji ndipo anapoanza msukaji. Mistari imetoka kisogoni, imepanda utosini, imeshuka mbele, na kifundo cha mama yetu kimekaa juu ya paji la uso, katikati, kama kishungi cha kuku.

Wanawake wakajifunika kanga midomoni. Kicheko kikaanza kwenye kona ya wasichana, kikaja mpaka mbele. Muzna alidhani wanamsifu, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa haya. Kidawa hakudhani hivyo. Alikuwa amekifunika kifundo kwa mikono miwili.

Bi Mwahija hajui kusema kwa sauti ndogo, unamjua. Akaniita kutoka upande wa pili wa ua, "Mwanaheri, ndio msuko wenu wa kwa Mzee Pazi huo?" Wote wakanigeukia. Ningesema neno moja tu, na yule msichana asingethubutu tena kukigusa kichwa cha mtoto wetu maisha yake yote. Nakiri nililionja neno lenyewe. Nikamtazama Kidawa, naye ananitazama mimi.

Nikasema, "Ndio wenyewe. Wa kisogoni ni wa mtoto aliye na mama yake. Huu ni wa mtoto anayemngoja."

Sijui niliyatoa wapi. Hakuna desturi ya namna hiyo, wewe wajua, mimi najua, na Bi Mwahija ajua kuliko sisi sote. Lakini alinitazama kidogo, kisha akageukia wasomaji akawaambia waendelee. Kicheko kikaisha. Mama mmoja hata akamsogeza Kidawa karibu akamfukiza udi.

Tulipokuwa tukigawiwa kahawa na halua, mtoto alikuja akajikalisha chini katikati ya magoti yangu, kwa mazoea tu, na haikuwa Alhamisi. Alikuwa akila halua yake pole pole. Kisha akaniuliza, "Mama mkubwa, mama anaujua huu?" Nikamwambia hapana, mama yako anaujua ule wa kisogoni tu. Akasema, "Basi mwandikie."

Ndiyo maana unaiona barua hii. Sikuandika kukuomba radhi, nisiwe mnafiki. Ningerudi siku ile pale kizingitini ningefanya lile lile. Nimeandika kwa sababu nimetumwa na mtoto.

Lakini na mimi nina neno langu. Masika yamekwisha, barabara imekauka, malori yanapita. Mbebe huyo mdogo mgongoni, uje. Najua shemeji Likwata hapendi uje huku aliko mume wako wa kwanza, na najua umezaa juzi, na najua nauli. Nayajua yote, miaka miwili nayajua. Mwambie mimi ni mgonjwa. Vidole vyangu vimekwisha kufa, hutakuwa umemdanganya sana. Chanuo la mama, lile lililong'oka jino, sikumpa mtu. Muzna nilimchongeshea lake.

Nikwambie na hili, kwa kuwa najua ndilo unalolitafuta katika kila mstari na hutaki kuliuliza. Bado Kidawa anamwita Muzna Khala, kama Waarabu wamwitavyo mke wa baba. Jina la mama hajampa. Ila juzi nilipita dirishani kwao, nikamsikia ndani anacheka huku anachanwa. Nilisimama nikasikiliza. Nilifurahi, Kazija, na moyo uliniuma hapo hapo, na sikujua lipi ni lipi. Usingoje sana.

Ukija, usimfumue mtoto mbele ya Muzna. Msifu kwanza yule msichana, hata kama itakuchoma. Kisha siku ya pili, kama mtoto atakubali, mkalishe mkekani umsuke kwa mkono wako, mkiwa watatu, na yeye Muzna aone tunapoanzia.

Shangazi Kadija anakusalimu, pamoja na ulimi wake. Aliteleza penye kisima, mguu umevimba, anakuulizia kwa kila mtu apitaye. Bi Mwahija anakusalimu. Awadhi nilipomwambia nakuandikia alisema nikufikishie salamu, nami nakufikishia, upokee au uache. Mbusu kichanga chako kwa niaba yangu, na shemeji mpe heshima zake. Kidawa hana salamu. Anasema salamu atakupa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akufunike na wanao wote wawili, huyo uliyemweka mgongoni na huyu uliyemwacha, na akukunjulie njia. Ukishuka kwenye lori pale sokoni utawakuta watoto wengi, hukimbilia kila gari. Usitafute kifundo kisogoni. Tazama kwenye paji la uso.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwa umenikasirikia,

Mwanaheri binti Pazi